Namna ya Kuvimba Mara Mia Bila Kuongeza Hata Kilo Moja

Mwongozo huu ni wa nyota wa umri wa kati anayeona amefanya kazi ya kutosha na bado hatambuliki. Umeangaza mabilioni ya miaka, hujawahi kuzimika, hujaomba likizo, umelea sayari nane bila kunung'unika, halafu wanaastronomia wakikutaja vitabuni wanakuandika "kibete cha njano". Kibete! Kitu chenye upana wa kilomita milioni 1.4, ambacho ndani yake Dunia ingeingia zaidi ya mara milioni moja, ndicho kibete.

Haki ya kununa unayo. Dawa ya fedheha hiyo ipo, nayo ni kuwa jitu jekundu: nyota mpana mara mia kuliko ulivyo leo, mwangavu mara mamia hata maelfu, anayeonekana kwa macho matupu kutoka mbali ambako vibete wenzako hawaonekani bila darubini. Cheo hiki hakidai vyeti wala kujuana na mtu. Kina sharti moja tu: uishiwe.

Nani anaruhusiwa kuomba

Panda mizani kwanza. Kipimo ni Jua: uzito wake ndio moja.

Ukiwa chini ya theluthi moja ya Jua, samahani sana. Nyota wadogo namna hiyo wana tabia mbaya ya kubana matumizi. Gesi yao huzunguka kutoka juu mpaka chini kabisa, kwa hiyo kila chembe ya hidrojeni hupata zamu yake ya kuungua, tena polepole, na hesabu zinaonyesha kwamba maisha yao yatafika matrilioni ya miaka. Jirani yetu wa karibu kuliko wote, Proxima Centauri, aliye umbali wa miaka nuru 4.2, ana uzito wa takribani moja ya nane ya Jua. Ombi lake limekataliwa. Asiyejua kuishiwa hana njia ya kuwa mkubwa.

Ukizidi Jua mara nane, umekosea dirisha. Lako ni lile la majitu makuu, waliko Betelgeuse na Antares. Huko foleni inakwenda haraka, na anayefika mbele hulipuka. Watu wengi huwachanganya hao na majitu ya kawaida kwa sababu ya rangi. Usikubali kuchanganywa. Jitu la kawaida ni mstaafu mtarajiwa. Jitu kuu ni bomu.

Ukiwa katikati ya hapo, vuta kiti. Kaa muda mrefu.

Muda mrefu maana yake ni huu: Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiza kama bilioni tano za utumishi wa kawaida. Kila sekunde geuza tani milioni 600 za hidrojeni kuwa heli. Tani milioni nne hivi kati ya hizo hazitaonekana tena, zitatoka zikiwa mwanga. Kadiri heli inavyojaa katikati utazidi kung'aa, kama asilimia 10 kila miaka bilioni moja. Kwako hilo ni badiliko la kusahaulika. Kwa bahari za Dunia ni hukumu, maana miaka bilioni moja hivi ijayo zitaanza kukauka. Huna haja ya kuwaandikia majirani barua ya taarifa. Watajua.

Ishiwa, lakini katikati tu

Hapa ndipo waombaji wengi hukosea. Wanadhani kuishiwa ni kubaki mikono mitupu. La hasha. Siku hidrojeni ya kiini itakapokwisha, utakuwa bado umebeba hidrojeni tele nje ya kiini, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na joto la kuiwasha. Kilichokwisha ni cha katikati, penye moto. Pale pamebaki jivu la heli, na heli haiungui kwa zile nyuzi milioni 15 ulizozizoea.

Kiini kisicho na moto hakina cha kushindana na uzito unaokikandamiza. Kinanywea, na kadiri kinavyonywea ndivyo kinavyopata joto. Joto hilo linawasha hidrojeni ya pembeni, ikaanza kuungua katika ganda jembamba linalokizunguka kiini, tena kwa pupa ambayo kiini chenyewe hakikuwahi kuwa nayo. Jivu la ganda linaangukia kiini, kiini kinaongezeka uzito na kunywea zaidi, ganda linazidi joto, moto unazidi. Na wakati mambo ya ndani yakienda hivyo, tabaka za nje zinafanya kinyume kabisa. Zinafura.

Usiniulize kwa nini, ukitaka jibu la sentensi moja. Ukizipa kompyuta milinganyo yote, zinakutolea jitu jekundu kila mara bila kusita. Lakini waweke wanafizikia watatu wa nyota kwenye meza moja, uwaombe maelezo mafupi ya kwa nini kiini kikinywea mwili hufura, na utaondoka na maelezo manne. Wamebishana hivyo kwa miongo mingi. Kwako ni faida tupu: mkubwa ambaye ukubwa wake hauelezeki hasumbuliwi na maswali.

Poa juu, ng'aa zaidi

Sasa unatuna. Nishati inayotoka kwenye ganda ni nyingi kuliko zamani, lakini inasambaa juu ya eneo kubwa mno, na uso wako unapoa. Mwombaji makini atashtuka: nikipoa si nitafifia? Chukua kalamu.

Jua lina joto la kelvini 5,800 hivi usoni. Tuseme wewe umeshuka hadi nusu, kelvini 2,900. Mwanga unaotoka kwenye kila mita ya mraba hufuata joto likizidishwa kwa lenyewe mara nne, kwa hiyo nusu ya joto inakuachia moja ya kumi na sita ya mwanga. Aibu kubwa, kwa kila mita. Lakini umepanuka mara mia, na eneo la uso hukua kwa mraba wa upana: mita zako za mraba sasa ni mara 10,000. Gawanya 10,000 kwa 16. Unang'aa mara 625 ya Jua, na hakuna hata mita moja ya uso wako iliyofanya kazi kama ilivyokuwa ikifanya zamani. Ni mafanikio ya wingi wa watumishi, na nadhani kuna ofisi kadhaa zingependa kuyasoma haya.

Kuhusu wekundu, tusidanganyane. Kelvini 2,900 ni karibu sawa na joto la waya wa ndani ya balbu ya zamani, ile iliyokuwa ikiunguza vidole ukiigusa. Rangi yako itakuwa kama ya balbu hiyo, rangi ya chungwa. Cheo kinasema jekundu. Wewe kipokee kilivyo, usianze kurekebisha barua ya uteuzi.

Na usijaribu kupoa kupita kiasi ili uwe mwekundu kwelikweli. Mjapani Chushiro Hayashi alionyesha mnamo 1961 kwamba nyota ambaye gesi yake inachemka kutoka chini hadi juu ana mpaka wa ubaridi asioweza kuuvuka akabaki ametulia. Ukishaufikia mpaka huo, nishati ya ziada haina pa kwenda isipokuwa kukupanua. Ndiyo maana wakubwa wa aina yako hupanda kwa mwangaza na upana, huku joto la uso likibadilika kidogo tu.

Wageni wasiingie ndani

Hili liwe siri yako. Ukipanuka mara mia kwa upana, ujazo wako unakua mara milioni moja, na uzito haujaongezeka hata gramu. Mita moja ya ujazo ya Jua la leo ina wastani wa kilo 1,400. Yako itakuwa na gramu 1.4. Mita ya ujazo ya hewa ya kawaida ya Tanga, ile inayopita dirishani bila mtu kuiona, ina zaidi ya kilo moja. Yaani jitu jekundu, kwa wastani, ni jepesi kuliko hewa mara mia nane hivi. Mtu akikutazama kwa mbali ataona mlima wa moto. Akiingia ndani, kwa safari ya mamilioni ya kilomita atakuwa ndani ya kitu ambacho maabara nyingi zingekiita ombwe, ingawa lenye joto kali.

Uzito wenyewe umejificha. Kuelekea mwisho wa kupanda kwako, karibu nusu ya uzito wa Jua la leo itakuwa imesongwa ndani ya kiini chenye upana wa Dunia mara mbili tatu tu. Sentimita moja ya ujazo ya kiini hicho inafika tani moja. Kati ya kiini na uso hakuna ulinganifu wowote: wenye kazi ni wachache, wamebanwa chumba cha ndani, na eneo lote lililobaki ni mapokezi.

Kwa mwendo pia kuna tofauti. Mnamo 2012 watafiti waliotumia darubini ya anga ya Kepler, wakisoma mitetemo ya majitu kadhaa, walikuta viini vyao vinazunguka mara kumi hivi zaidi ya nyuso zao. Nje pole pole, kama inavyotakiwa kwa mtu wa heshima. Ndani, mbio.

Mvutano wa usoni nao umekuishia. Kwenye Jua mvutano ni mara 28 ya wa Dunia. Kwako, kwa upana wa mara mia, umegawanywa kwa 10,000. Mtu wa kilo 70, kama angepata mahali pa kusimama, mzani ungemwandikia gramu 200 hivi. Hapati pa kusimama, bila shaka, kwa kuwa huna sakafu. Lakini kumbuka takwimu hiyo, maana inaeleza kwa nini baadaye utaanza kuvuliwa nguo hadharani.

Ukitaka kujua utakavyoonekana kwa karibu, mtazame π1 Gruis, jitu lililo umbali wa miaka nuru 530 hivi katika kundinyota la Grus, kwenye anga la kusini. Lina uzito wa Jua moja na nusu hivi na upana wa Jua mara 350. Desemba 2017 wanaastronomia walichapisha picha ya uso wake, iliyotengenezwa kwa kuunganisha mwanga wa darubini nne za Paranal, Chile. Uso wa Jua umejaa mabonge ya gesi inayopanda na kushuka, yako mamilioni, kila moja na upana wa kilomita 1,500 hivi. Kwenye π1 Gruis mabonge yalikuwa machache ya kuhesabika, na kila moja lilikuwa na upana wa kilomita milioni 120. Bonge moja la mchemko, pana kuliko umbali kutoka Jua hadi Zuhura! Gesi haina pa kubanwa, basi kila tone linajitanua kadiri linavyotaka.

Kubali mialiko

Ukubwa usioonekana una faida gani? Na hapa historia inakupa moyo, ingawa ilianza kwa kusuasua. Mwaka 1897 Antonia Maury wa Harvard alichapisha orodha ya nyota, akitenga wale wenye mistari myembamba mno katika mwanga wao, dalili ya gesi iliyo chini ya mgandamizo hafifu. Wakubwa wake hawakulichangamkia jambo hilo. Aliyelishika ni Mdenmark Ejnar Hertzsprung, msomi wa uhandisi wa kemia, ambaye mnamo 1905, akiunganisha alama za Maury na mwendo wa nyota angani, alionyesha kwamba nyota wekundu wana matabaka mawili: wapo wa karibu na hafifu, na wapo wa mbali wenye mwanga wa kutisha. Matokeo hayo makubwa aliyachapisha kwenye jarida la Kijerumani la mambo ya upigaji picha, ambako wanaastronomia wachache sana walikuwa wakipita. Majitu yaligunduliwa, na habari ikakaa kabatini.

Lakini subira ilizaa matunda, kwa sababu mwaka 1933 jitu jekundu liliitwa kuwa mgeni rasmi. Jiji la Chicago lilikuwa na maonyesho makubwa ya karne ya maendeleo, na waandaaji walitaka mtu wa kuyafungua ambaye hajawahi kuonekana akifungua kitu. Wakamchagua Arcturus. Sababu yao ilikuwa nzuri: Chicago ilikuwa na maonyesho mengine mwaka 1893, miaka arobaini nyuma, na Arcturus aliaminika kuwa umbali wa miaka nuru arobaini. Mwanga ulioondoka kwake wakati wa maonyesho ya kwanza ungefika kufungua ya pili. Usiku wa Mei 27 darubini, ikiwemo ile ya Yerkes, zilikusanya mwanga wa nyota huyo, seli ya umeme ikaugeuza kuwa mkondo dhaifu, mkondo ukakuzwa na kupelekwa kwa waya hadi uwanjani, na taa zikawaka. Watu wakapiga makofi.

Vipimo vya sasa vinasema Arcturus yuko umbali wa miaka nuru 37 hivi. Mwanga uliofungua maonyesho uliondoka kwake mnamo 1896, wakati maonyesho ya kwanza yalikuwa yameshafungwa na watu wamerudi makwao. Mgeni rasmi akakata utepe bila kuwa na habari yoyote ya shughuli, na hilo halikupunguza makofi.

Huyo Arcturus anafaa kuwa mfano wako kwa mengine pia: uzito wake ni kama wa Jua na nyongeza kidogo, lakini ni mpana mara 25 na mwangavu mara 170 hivi. Jioni za Mei na Juni, kutoka Mombasa au Dodoma, yuko juu upande wa kaskazini, wa rangi ya chungwa. Katika miezi hiyohiyo geukia kusini uutafute Msalaba wa Kusini. Kati ya nyota zake nne angavu zaidi, tatu ni nyeupe za kibuluu. Ya nne, ile ya kichwani, ina wekundu ambao ukishauona mara moja huwezi tena kuukosa. Ni Gacrux, jitu jekundu lililo umbali wa miaka nuru 88 hivi. Na jioni za Desemba, Kilimia kikiwa mashariki, tazama chini yake kidogo: anayekifuata nyuma, mwenye rangi ya chungwa, ni Aldebaran, mpana mara 44 ya Jua.

Suala la majirani

Kuna majirani watakaolalamika. Utaridi na Zuhura usihangaike nao, watakuwa ndani. Kuhusu Dunia, hesabu iliyotajwa zaidi ni ya Klaus-Peter Schröder na Robert Connon Smith ya mwaka 2008. Kwa mujibu wao, Jua litafika kilele cha kwanza cha ujitu miaka bilioni 7.59 ijayo, likiwa pana mara 256 na mwangavu mara 2,730 ya leo. Upana huo unapita mahali ilipo njia ya Dunia sasa.

Dunia ina utetezi wake. Jua likivimba linapoteza gesi, hadi theluthi moja ya uzito, na likipungua uzito mshiko wake unalegea, sayari zinasogea mbali. Kwa hesabu hiyo peke yake tungenusurika. Lakini Dunia itakuwa karibu mno na jitu hilo. Mvutano wake utainua wimbi la kujaa kwenye uso wa jitu, na kwa kuwa jitu linazunguka polepole kuliko Dunia inavyolizunguka, wimbi hilo litabaki nyuma na kuivuta Dunia irudi ndani. Schröder na Smith walikuta tunamezwa kama miaka nusu milioni kabla ya kilele. Kama Dunia ingekuwa mbali zaidi kwa asilimia 15 tu, ingepona. Wapangaji wa viwanja wazingatie.

Kwa wakazi wa mbali mambo ni tofauti. Titan, mwezi wa Zohali, leo una baridi ya nyuzi 180 chini ya sifuri. Wapo wanasayansi waliopiga hesabu mnamo 1997 wakaona kwamba, chini ya Jua lililo jitu, ungeweza kupata joto la kuyeyusha barafu iliyochanganyika na amonia kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Basi si kweli kwamba mkubwa hamsaidii mtu. Anasaidia wasiomkaribia.

Lipuka, lakini mtu asisikie

Kilele kina sherehe yake, na ni sherehe ya ajabu. Kiini kimebanwa kiasi kwamba kinachokishikilia si joto tena, ni elektroni zisizokubali kusogezana zaidi. Joto linapofika nyuzi milioni 100, heli inaanza kuungua. Kwa kawaida kitu kikipata joto hutanuka na kujipoza. Hiki hakitanuki, kwa kuwa joto halina kauli tena juu ya shinikizo lake. Moto unazaa joto, joto linazaa moto, na katika muda wa dakika kiini kinafyatuka. Kwa sekunde chache kinatoa nishati ya kulingana na nyota wote wa galaksi nzima.

Nje hakionekani kitu. Nishati yote inamezwa humohumo, ikitumika kukifungua kiini na kukirudishia adabu ya gesi ya kawaida. Umetoa mlipuko wa galaksi, na mtazamaji wa Gacrux hajaacha hata kunywa chai yake.

Heli tatu zinaungana kuwa kaboni, na kazi hiyo nayo ilikuwa na mkosi wake: kwa hesabu za kawaida ilikuwa polepole mno. Fred Hoyle aliwaambia wanafizikia wa Caltech mwaka 1953 kwamba lazima kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo kaboni isingekuwepo ya kutosha na wao wasingekuwepo wa kubishana naye. Walipima kwa shingo upande. Kiwango kilikuwepo.

Baada ya mlipuko jiandae kwa fedheha: utapungua. Jua litarudi kwenye upana wa mara 10 hivi ya leo na mwangaza wa mara 50. Usiwaambie watu umeshushwa cheo. Sema umepumzika kwa miaka milioni 100, ukichoma heli. Nayo itakwisha katikati, kama ilivyokwisha hidrojeni, na kwa kuwa hujifunzi utafanya yaleyale: utavimba mara ya pili, safari hii ukiwa na kiini cha kaboni na oksijeni, ganda la heli, na ganda la hidrojeni juu yake.

Mara hii utaanza pia kupumua kwa nguvu. Mchungaji David Fabricius wa Frisia aliona mwaka 1596 nyota katika kundinyota la Ketusi ikififia hadi kupotea, baadaye ikarudi. Ni Mira, jitu linalotanuka na kunywea kwa mzunguko wa siku 332 hivi, likionekana wazi kwa macho wakati mmoja na kuhitaji darubini wakati mwingine. Fabricius mwenyewe aliuawa mwaka 1617 kwa koleo la mkulima, baada ya kumshutumu mimbarani kwa wizi wa bata bukini. Jambo hilo halihusu fizikia ya nyota, ila wanaotafuta umaarufu wa haraka walijue.

Tumboni nako unapika. Paul Merrill aliripoti mwaka 1952 kwamba kwenye mwanga wa majitu fulani mekundu kuna tekneti, elementi ambayo aina yake inayotengenezwa humo hupungua nusu kila miaka 200,000 hivi. Nyota wenyewe ni wazee kupita kiasi hicho mara elfu nyingi. Maana yake hawakuzaliwa nayo. Wameipika wenyewe, na mchemko ukaipandisha juu. Hadi siku ile watu waliweza kubisha kwamba nyota zinatengeneza elementi. Baada yake ilikuwa vigumu.

Kiinua mgongo

Kumbuka zile gramu 200. Uso usio na mvutano haushiki kitu. Kila pumzi inasukuma gesi nje, gesi ikipoa inaganda kuwa vumbi, mwanga unalisukuma vumbi, nalo linaondoka na gesi iliyobaki. Mira ameacha nyuma yake mkia wa miaka nuru 13, uliogunduliwa mwaka 2007 na setilaiti ya GALEX. Hapo ndipo kaboni na nitrojeni uliyoipika inapogawiwa bure kwa yeyote atakayekuja kujenga sayari baadaye, bila stakabadhi.

Utabaki na kiini. Schröder na Smith wanaliachia Jua asilimia 54 ya uzito wake, ndani ya tufe la ukubwa wa Dunia. Mabaki yaliyotawanyika yakipata mwanga wake yanaweza kupendeza kwa miaka elfu kumi au ishirini, halafu basi. Cheo kipya kitaandikwa kibete cheupe. Ndiyo, kibete tena. Malalamiko hayapokelewi.

Mwongozo wa vibete vyeupe upo, unatolewa dirisha lilelile, na una neno moja tu: poa.